Sura ya Sita: Kilio Kisicho na Matanga

Siku ya tatu baada ya mwanangu wa mwisho kupanda basi pale Msamvu, nilikwenda gengeni kununua nyanya. Mwenye genge akaniuliza mbona nimepooza. Nikamjibu bila kupima maneno: "Nimeondokewa, mama. Nyumba imebaki kimya." Akaacha kupanga mafungu yake, akashika mdomo. "Pole jamani! Lini? Mbona hatujasikia?" Ikabidi nifafanue upesi kabla habari haijavuka barabara: hajafa mtu, kijana ameenda chuo Dodoma, kilomita kama 260 tu kutoka hapa Morogoro, ni mzima wa afya, na asubuhi ile ile ameniomba fedha ya kununua ndoo. Mama yule akacheka kwa kushusha pumzi, halafu akanikaripia. "Basi usiseme hivyo, unajitabiria mabaya. Sema ameenda kutafuta maisha."

Nilirudi na nyanya zangu nikilitafakari lile neno. Kiswahili kina neno la kufiwa, la kuachika, la kutelekezwa. Mzazi ambaye watoto wamekua wakatoka hana lake, maana lile lililo karibu zaidi mauti yalishalichukua zamani. Kwa hiyo watu huzunguka: "wako kwenye majukumu yao", "tumebaki wazee wawili", "wameshajitegemea, tunamshukuru Mungu". Na kwa kuwa halina jina, jambo lenyewe halina utaratibu. Mtu akifiwa, majirani wanajua la kufanya. Turubai linafungwa, mikeka inatandikwa, mwenye sukari analeta sukari, mwenye kuni analeta kuni, na mfiwa ana ruhusa ya kulia mpaka matanga yaanuliwe. Mzazi aliyerudi stendi mikono mitupu hatandikiwi mkeka. Anapewa hongera.

Na hongera hiyo ni halali yake, hapo ndipo penye ugumu. Utalia mbele ya nani, wakati nyumba ya tatu kutoka kwako kuna kijana wa miaka 27 anayeshinda kijiweni, na mama yake angetoa chochote amwone amebeba begi? Aibu ya kulia juu ya neema ndiyo inayofanya wengi wetu tulie jikoni, tukisingizia vitunguu.

Wapo watakaosema sisi wa huku tumezoea, maana watoto wetu wengi huanza kuondoka wakiwa bado wadogo. Ni kweli. Wangu watatu wote walisoma bweni. Kila safari ilikuja na fomu ya kujiunga, na kila fomu ilikuwa na orodha: tranka, godoro, ndoo mbili, jembe lenye mpini, fyekeo, ufagio, shuka za rangi ile na si nyingine. Nilizilaani sana zile orodha. Nilizunguka soko zima la Morogoro nikitafuta shuka za bluu wakati duka zima lina za pinki. Baada ya kidato cha sita wakaja na orodha ya JKT, miezi mitatu ya kambini, raba na bukta. Siku ya kwenda chuo haikuja orodha yoyote. Kijana alifunga begi moja na mkoba wa laptopu, na nilipomuuliza mashuka yako wapi, akaniambia, "Mama, vingine nitanunua huko huko boom likitoka." Boom ndilo jina ambalo wanafunzi wameipa fedha ya kujikimu itokayo Bodi ya Mikopo. Nilisimama chini ya dirisha la basi na mfuko wa vitumbua, kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa.

Zile fomu zilikuwa na jambo jingine ambalo sikulithamini. Mwishoni mwa kila moja kulikuwa na tarehe ya kufunga shule. Mtoto wa bweni anaondoka na tarehe yake ya kurudi mfukoni. Huyu wa sasa ataniambia atakuja "Desemba, Mungu akipenda, kama sitapata sehemu ya kujishikiza".

*

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la kumi la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 1990, liliipa hali hii nafasi ndogo pembeni. Imo chini ya alama Z60.0. Fungu la herufi Z ni la mambo ambayo si ugonjwa ila yanaweza kumfikisha mtu kwa daktari. Hapo imeitwa kwa jina walilolipenda Wazungu, la kiota kitupu, na chini ya alama hiyo hiyo limewekwa jambo jingine: kuzoea kustaafu.

Sijui aliyeviweka pamoja alikuwa na hekima gani, lakini kwangu mimi ulikuwa ufunguo. Nilikuwa nimestaafu uuguzi mwaka mmoja na nusu kabla, kwa hiari, nikiwa na miaka 55. Nililetewa barua. Nilikatiwa keki, nikapewa jiko la gesi lenye utepe, mganga mkuu akasema maneno mazuri ambayo nusu yake yalikuwa ya mtu mwingine, na baadaye nikalipwa kiinua mgongo. Kazi ya pili, ile ya kuamka saa kumi na moja alfajiri, kukagua nani hana soksi, kujua kwa kumgusa shingo tu kama ni malaria au ni uvivu wa shule, niliifanya miaka 28 na ikaisha mchana mmoja stendi, konda akipiga bodi la basi. Mikono ilibaki na ujuzi wote. Ilichokosa ni mtu wa kumfanyia.

Nasema hivi kwa sababu wengi wetu hudhani tunacholilia ni mtoto. Mtoto yupo, yuko Dodoma, ananunua ndoo. Sehemu kubwa ya tunacholilia ni cheo. Jana nilikuwa mtu ambaye bila yeye nyumba haiendi, leo naomba ratiba ya mtu wa miaka 20 ili nijue saa ngapi hatakuwa darasani.

Miaka mingi ya kazi yangu niliitumia kwenye kliniki ya presha, na lazima nikiri kosa langu la huko. Wagonjwa wetu hawaji wakasema "nina huzuni". Wanasema wana mawazo, kama mtu anavyosema ana minyoo. Moyo unaenda mbio. Kichwa kinagonga upande mmoja. Mwili unachoma. Usingizi unakatika saa nane usiku na haurudi. Tumbo linawaka, na wote wameshaambiwa na jirani kuwa ni vidonda vya tumbo. Nilikuwa nafunga mashine mkononi, nikiona imevuka 140 juu au 90 chini tunarudia kupima siku nyingine, ikibaki hapo daktari anaandika dawa, na mimi naita, "Anayefuata!" Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akipanda kila Januari. Tulilaumu nyama na chumvi ya sikukuu. Ilinichukua miaka mitatu kumwuliza Desemba huwa anakaa na nani. "Watoto wanne na wajukuu," akasema. "Wanaondoka tarehe mbili, wote siku moja, kwa gari moja." Kisha akainamisha kichwa, na foleni ya watu 40 ikasubiri.

Mwili hautofautishi sana kati ya kufukuzwa na mbwa na kukaa usiku ukiwaza kama mwanao amefika. Homoni ni zile zile, adrenalini na kotisoli: moyo unakazwa, mishipa inabana, usingizi unasukumwa mbali. Wiki chache za namna hiyo mwili unavumilia. Miezi ni habari nyingine. Kwa akina mama kuna jambo la ziada, kwamba mtoto wa mwisho mara nyingi huondoka mama akiwa kati ya miaka 45 na 55, umri ule ule wa hedhi kukoma. Joto la ghafla, jasho la usiku, machozi yaliyo karibu, yote yanafika nyumbani wiki ile ile kijana anapotoka, na mama anamtwika kijana mzigo wote. Nendeni mkapimwe. Na mwenye dawa za presha asiache kumeza eti kwa sababu amesoma kitabu kinachosema chanzo ni mawazo.

*

Nimeshasema hakuna msiba. Lakini yupo Mmarekani mmoja, Pauline Boss wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ambaye miaka ya 1970 alizichunguza familia za marubani wa kijeshi waliopotea katika vita ya Vietnam. Baba hajarudi na hajazikwa. Mezani kiti chake kipo, na mke hajui kama ni mke au mjane. Boss aliona kwamba kinachowaumiza watu hawa zaidi ya pengo lenyewe ni kutojua waliite nini, na kwamba waliolazimishwa kuchagua moja, yupo au hayupo, ndio walionasa. Walioanza kuinuka ni wale walioweza kubeba yote mawili kwa pamoja.

Mwanafunzi wa Dodoma si rubani aliyepotea, na ningeona haya kulinganisha uchungu wangu na wa mke yule. Lakini waulizeni akina mama wa Tanga na Pemba wenye mabinti wanaofanya kazi za ndani Muscat, ambao mkataba wa miaka miwili umekwisha na mwingine umeanza. Waulizeni wazee wenye vijana Toronto, sauti zao zinafika usiku wa manane kwa sababu huko ndiyo kwanza jioni, na karatasi zao za ukaazi haziwaruhusu kutoka hata mzazi akizikwa. Yupo, hayupo. Harusi inafanyika na yeye anaonekana kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji.

Tanzania tumejitungia sherehe moja inayoukaribia mkeka ninaoutafuta, nayo ni sendoff. Wasiotujua hudhani ni harusi ya kwanza, wakashangaa mtu mmoja anaolewa mara mbili kwa kadi mbili za mchango. Sendoff ni ya upande wa bibi harusi. Kamati imekaa miezi, ukumbi umepambwa, na inafika saa ambayo mama anaitwa mbele kumkabidhi binti. MC anapunguza sauti ya muziki, mama analia, ukumbi mzima unasema "jamani mama analia", na wapiga picha wanasogea karibu. Nimesikia wanaozicheka sherehe hizi kwa gharama zake, na kwa gharama nakubaliana nao. Lakini zile dakika kumi ni za thamani. Ndiyo matanga pekee tunayowapa wazazi wa watoto walio hai. Tatizo ni kwamba hupewa mama wa binti anayeolewa peke yake. Mwenye mtoto wa kiume hana ukumbi. Na baba wa binti, yeye anaonekana kwenye video akikagua kama vyakula vimefika meza za nyuma.

Mume wangu hakulia. Siku ile tuliporudi stendi alibadilisha taa ya chumba cha kijana, ambayo haikuwa imeungua. Kesho yake akatia mafuta bawaba za mlango ule ule. Wiki iliyofuata akaanzisha ugomvi wa LUKU, kwamba umeme unaisha haraka, wakati nyumba imepungua mtu aliyekuwa akipasi nguo kila asubuhi na units zilikuwa zikidumu kuliko zamani. Nilimjibu kwa ukali. Ilipita muda kabla sijaelewa kwamba nilikuwa nagombana na kilio. Akina baba wa rika lake walifundishwa lugha moja tu ya mapenzi, nayo ni ya mahitaji. Nilimsikia akipiga simu Dodoma: "Fedha imefika? Haya. Soma." Sekunde kumi na nne, kisha akakaa na simu mapajani kama aliyetoka kubeba gunia. Niliwaeleza wanangu baadaye kwamba baba akiuliza fedha imefika, ameshasema yote. Na yeye nilimshauri amwombe kijana msaada badala ya kumpa. Siku hizi anampigia kuuliza namna ya kufuta picha zinazojaza simu. Mazungumzo yanafika dakika ishirini, na nina shaka kubwa kama hajui kuzifuta.

Sisi wenyewe wawili tulikuwa na kazi. Kwa miaka 28 tulikuwa tukiongea kupitia tarishi: "Mwambie baba yako chakula tayari." "Kamuulize mama ufunguo uko wapi." Tarishi wa mwisho alipoondoka tulikaa sebuleni kama abiria waliokutanishwa na mvua kibandani. Sitadanganya kwamba tulifufua uchumba. Tulianza na jambo dogo la kukaa barazani saa moja jioni bila televisheni, na wiki mbili za mwanzo tuliongelea mbwa wa jirani tu.

*

Neno la kiota kitupu lina kasoro moja kwetu. Viota vyetu haviwi vitupu. Nyumbani kwangu wakati ule kulikuwa na mtoto wa dada yangu anayesoma kidato cha pili, dada wa kazi, na mpangaji wa chumba cha uani. Watu watano tulikuwa tunaoga kwa zamu, na bado nilijiona peke yangu. Hilo linamfanya mzazi wa huku ateseke mara mbili, kwani hakuna anayemwamini. "Unasemaje nyumba kimya na huyo mtoto anapiga kelele hapo nje?"

Kisha wanakuja na dawa. Dada zangu walinipa ile ile kila mmoja kwa wakati wake: "Chukua mjukuu ulee." Binti yangu wa kwanza, aliye Mwanza, alikuwa tayari kunipa mwanawe wa miaka mitatu, na wala hakuwa na ubaya, kazi ilimwelemea. Nilikataa mwaka ule wa kwanza, na najua nitalaumiwa na wasomaji kadhaa. Siwagusi bibi wanaolea kwa sababu wazazi wa mtoto wamekufa au wamekwama. Hao nawavulia kilemba. Nasema juu ya mzazi mwenye hiari, anayemwita mtoto mdogo aje azibe pengo la mkubwa. Mtoto wa miaka mitatu hapaswi kupewa kazi siku ya kwanza anapofika. Tena wengi wetu tungemlea kama yule aliyeondoka, tukimwita kwa jina la mjomba wake mara kumi kwa siku. Alikuja mwaka uliofuata, likizo ya mwezi mmoja, akavunja birika, akarudi kwao, na nilifurahi alipokuja na alipoondoka.

Kuna pahala pabaya zaidi pa kupeleka uchungu huu, napo ni nyumbani kwa mtoto aliyeoa. Mama ambaye hakumaliza kilio chake anahamia kwa mkamwana kwa njia ya simu. Anauliza wamepika nini, mbona mwanangu amekonda kwenye picha, lile shati alilovaa nani kalipasi. Anasema ni upendo, na ni upendo kweli, lakini ni upendo wa mtu ambaye hajaamini kwamba amestaafu.

Simu yenyewe inahitaji maneno mengi zaidi. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, miaka ya 1980, barua ilipita kwa sanduku la posta la chuo na ilichukua hata wiki mbili kufika. Mama yangu alipopata habari ya malaria yangu nilikuwa nimepona na kuisahau. Alihangaika kidogo kuliko mimi kwa sababu alijua machache. Mimi nina tiki mbili za buluu. Naona amesoma na hajajibu. Naona alikuwa hewani saa saba usiku, na nalala nikijiuliza anaongea na nani. Kwa miezi miwili nilifanya kazi ya upelelezi bila mshahara, hadi aliponiandikia, kwa adabu, "Mama, nikiona unaandika halafu unafuta naogopa kuna mgonjwa." Kumbe na yeye alikuwa akinitazama.

Tulikubaliana Jumapili usiku. Siku nyingine ruhusa ni kutuma kitu kisichodai jibu: picha ya mwembe umetoa maua, sauti ya mvua kwenye bati. Nilijizuia kuanza na "umekula?", kwa sababu swali lile lina jibu moja tu, na baada ya hapo mazungumzo yamekufa. Swali lililofanya kazi lilikuwa la mambo yake, hata nisiyoyaelewa.

Halafu kuna fedha. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka uliofuata, mapenzi ya wazazi na watoto yamepata barabara mpya, na kila barabara ina wezi wake. Nimeona wazazi wanaogawa fedha ya matumizi vipande vidogo vidogo ili wapigiwe mara nyingi. Nimeona pia upande wa pili, mzazi ambaye mtoto ameshapata kazi, anayegundua kwamba sauti ya mtoto huja haraka akiwa na shida. Basi shida zinazaliwa. Nisijifiche: mimi mwenyewe niliusingizia mguu wangu wa kushoto kwa binti yangu wa Mwanza. Alituma fedha ya eksirei ndani ya dakika tano, akapiga, akauliza kwa hofu iliyonichoma zaidi ya mguu wowote. Nilimrudishia ile fedha baada ya mwezi nikasema mguu umepona kwa kuukanda. Hadi anaposoma ukurasa huu hajui.

Kuna namna ya kuuguza huzuni ambayo Margaret Stroebe na Henk Schut wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, waliieleza mwaka 1999 kwa ajili ya waliofiwa, na kwangu ilinifaa hata bila kufiwa. Waliona kwamba mwenye majonzi hatembei njia iliyonyooka kutoka kwenye kilio hadi kwenye utulivu. Anayumba, huku na huku. Saa hii anakaa na aliyeondoka, saa ijayo anashughulika na maisha yaliyobadilika, kisha anarudi. Anayekaa upande mmoja tu, ama wa kulia, ama wa kujifanya bize, huchelewa. Kwa hiyo niliacha kujilaumu nilipoingia chumbani kwa kijana na kukaa kitandani robo saa, na niliacha pia kujilaumu nilipocheka kwenye kitchen party siku hiyo hiyo jioni. Jirani mmoja aliugeuza mara moja chumba cha mwanawe kuwa stoo ya mahindi asikione. Mwingine amekifunga kwa kufuli miaka minne, shuka hazijatolewa. Kati yao nisingejua nimwonee nani huruma zaidi.

Jambo ambalo ningependa kuliona mitaani kwetu lipo Zimbabwe. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare mjini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 na mabenchi nje ya kliniki. Kishona kina neno kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, ambalo Mswahili hahitaji kamusi kulihisi; ni yale yale mawazo yetu. Bibi walifundishwa kukaa na mtu benchini, kwanza wamfungue fikra, kisha wachague naye tatizo moja tu la kushughulikia. Majaribio yaliyofanywa katika kliniki 24 za Harare, na wagonjwa 573, yalichapishwa mwaka 2016, na waliokaa na bibi walionekana kupata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Nikiukumbuka naikumbuka foleni yangu ya watu 40, na mama wa Januari, na kwamba benchi tulikuwa nalo, refu, la mbao, limejaa bibi waliokaa wakisubiri kuitwa.

Niseme la kitaalamu kabla sijasahau, maana si kila kilio ni cha kuachwa kipite chenyewe. Wiki mbili mfululizo za kutoona ladha ya chochote, hata ulivyokuwa ukivipenda, pamoja na usingizi au chakula kuharibika, kujiona huna maana, kushindwa kuamka kufanya kazi za kila siku, hiyo inaitwa sonona na inatibika. Ukianza kufikiri kwamba wangekuwa nafuu bila wewe, usisubiri Jumapili. Mwambie mtu leo na uende hospitali leo. Akina baba hasa waangaliwe kwenye pombe.

Mtaani kwetu mimi naitwa kwa jina la binti yangu wa kwanza, Mama Fulani, tangu siku nilipotoka naye wodini. Amekaa Mwanza miaka sita, na bado muuza mkaa hulipiga kelele jina lake langoni kwangu, mwenye genge hulitaja, mjumbe wa nyumba kumi hulitaja. Kuna siku lilinikata kama kisu. Nilipojiunga na VICOBA ya akina mama wastaafu, katibu alisoma majina kutoka kwenye vitambulisho ili tupewe vijitabu. Akaita jina moja mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikawa natazama nyuma kuona ni nani huyu kiziwi, hadi mwenzangu akanisukuma kiwiko. Tulicheka sana, na ikajulikana kwamba tulikuwa watatu tuliofanya hivyo asubuhi ile. Kikundi kile kina sheria ya kuitana kwa majina ya vitambulisho, faini shilingi 500 ukikosea. Mfuko wa faini ulinunua sufuria mbili mwezi wa kwanza. Nikirudi nyumbani nakuwa Mama Fulani tena, na nalipenda, ila sasa nalivaa nikijua lina mtu ndani.

Jumatano moja ya Februari simu ikalia saa mbili usiku. Si Jumapili. Moyo ukaanza kwenda mbio, hata salamu nikasahau kuitikia. "Mama, shikamoo. Wali umeungua, chumba kizima kinanuka moshi na wenzangu wanakuja kula. Nafanyaje?" Nikamwambia ahamishie sufuria nyingine ule wa juu, asikwangue chini, akate kitunguu vipande viwili akilaze juu ya wali, afunike, angoje dakika kumi. "Kitunguu chekundu au cheupe?" Chochote, nikasema. Akashukuru, akakata, kabla sijauliza wenzake ni wangapi na kama mmojawapo ni msichana. Nikawa nimeshika simu. Mume wangu akauliza kutoka barazani kuna nini.

"Kitunguu," nikamjibu.